Utungaji wa Mazingaombwe: Kisanduku cha Robert-Houdin kutoka Paris hadi Algiers

Mtu atazamaye mazingaombwe aghalabu huuliza swali moja tu: amefanyaje? Swali hilo ni la haki, lakini si swali la kwanza kwa mwenye kutunga mchezo. Yeye hujiuliza: nianze na nini, kitu gani kifuate, niseme nini kati ya hiki na kile, na mtazamaji atoke mlangoni akiwa na nini moyoni? Hila moja moja hupatikana kwa fundi, katika vitabu, na kwa mazoezi ya vidole. Mpangilio haupatikani hivyo. Mpangilio ni utungaji, na kwa kuwa ni utungaji wawahusu watu wa lugha kama uwahusuvyo watu wa jukwaa.

Makala haya yanafuata historia ya jambo hilo kwa njia ya mfano mmoja mkubwa, nao ni kisanduku kidogo cha Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin, kilichoonyeshwa Paris katika miaka ya 1840 na kupelekwa Algiers mwaka 1856. Kisanduku kilikuwa cha namna ile ile, na nguvu iliyokiendesha ilikuwa ile ile. Yalibadilika maneno, na pakabadilika mahali pake katika mfululizo. Kwa sababu hiyo maana yake ilipinduka, na fumbo la kuburudisha likawa kitisho. Hoja yetu ni kwamba maana ya mazingaombwe haimo katika chombo. Imo katika mfuatano na katika maneno, kama vile maana ya sentensi isivyomo katika neno moja pekee.

Majina na mipaka yake

Kabla ya kupanda jukwaani yafaa tuyatazame majina. Kiswahili kina maneno mawili makuu kwa kazi hii, mazingaombwe na kiinimacho. La pili laeleza mengi. Kiini ni sehemu ya ndani ya kitu, na kiini cha jicho ni mboni. Basi kiinimacho ni jambo litendekalo katika jicho la mtazamaji. Jina lenyewe limekwisha kukiri ya kuwa ulimwengu haukubadilika, ila uoni. Mtu ajiitaye mfanya kiinimacho hana haja ya kuapa kwamba hatumii majini. Lugha imekwisha kumwapia.

Kando ya maneno hayo yako mengine ambayo yatupasa kuyatenga: uchawi, sihiri, muujiza na karama. Uchawi ni neno la Kibantu. Matatu yaliyosalia yametoka katika Kiarabu, nayo yamekuja na mipaka yake: muujiza ni wa mtume, karama ni ya walii, na sihiri ni kazi iliyokatazwa. Mipaka hiyo si mambo ya wanazuoni peke yao. Kila mtoto aliyepitia chuoni huku pwani amesikia kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, na amesikia ya kuwa kazi ya wachawi wale ilikuwa juu ya macho ya watu.

Kiarabu kina neno jingine tena, shaʿwadha au shaʿbadha, ambalo halikuingia katika Kiswahili chetu cha kila siku kwa kuwa kiinimacho kilitosha. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alilitaja katika Muqaddima yake. Alipozipanga aina za sihiri aliitenga aina moja ambayo haivigusi vitu vyenyewe, bali huigusa dhana ya watazamaji, hata wakaona vitu ambavyo havipo. Kitabu hicho alikiandika mwaka 1377 katika ngome ya Qalʿat Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Msomaji na aishike habari hii, maana itahitajika tutakapofika Algiers.

Vikombe vitatu

Miongoni mwa michezo ya kale ambayo habari zake zimeandikwa waziwazi ni ule wa vikombe na vitufe. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyekufa mwaka 65 B.K., aliutaja katika mojawapo ya barua zake kwa Lucilius. Aliwafananisha wenye hoja za ujanja na wachezaji wa vikombe na vijiwe, akaona kwamba udanganyifu huo hauna dhara, na ya kuwa utamu wake umo katika kule kutojua. Hila ikisha kujulikana, hamu huondoka.

Mwandishi wa Kigiriki Alciphron, aliyekuja baada yake, alitunga barua ya mkulima aliyekwenda mjini akamwona mtu mwenye vikombe vitatu na vijiwe vyeupe. Mara kila kijiwe kilikuwa chini ya kikombe chake, mara vyote vilikuwa chini ya kikombe kimoja, mara vikatoka vinywani, puani na masikioni. Mkulima alistaajabu sana. Kisha akaomba mtu kama yule asifike kamwe shambani kwake, kwa sababu angechukua kila kilichomo na wala asingekamatwa.

Yatupasa kuona mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba mfuatano umo tayari. Vijiwe vinatengana, vinakusanyika, kisha vinatoka nje ya vikombe kabisa na kuingia katika miili ya watu. Kila hatua inachukua kilichokubaliwa katika hatua iliyotangulia na kukipita. Mchezo ungeanza na puani ukaishia na kijiwe kimoja chini ya kikombe, hila zingekuwa zile zile, lakini mkulima asingekuwa na la kusimulia aliporudi nyumbani. La pili ni ile hofu yake. Mkulima ameelewa jambo ambalo wengi hawalioni: mkono ule ule ni mchezo ukiwa uwanjani, na ni wizi ukiwa shambani. Tofauti haimo katika vidole. Imo katika mahali, katika idhini, na katika yale yaliyosemwa kabla.

Mchezo wa vikombe uliishi muda mrefu. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, abiria waliosafiri kwa meli kutoka mwambao wetu kwenda Ulaya waliukuta Port Said, ambako Wamisri walioitwa na mabaharia «gali gali» walicheza mbele yao, wakitoa vifaranga hai chini ya vikombe na katika mifuko ya watu. Kifaranga hakiji mwanzo. Kwanza jicho hufundishwa kwamba chini ya kikombe hukaa kitu kidogo, chepesi, kisicho na uhai. Mafundisho hayo hurudiwa mara tatu, mara nne, mpaka yawe kanuni. Ndipo kikombe hufunuliwa, na kanuni ikavunjika kwa sauti ya kifaranga. Mtu wa sarufi atalitambua jambo hili upesi: hakuna mshangao pasipo kanuni, na aisikiaye lugha asiyoijua hashangazwi na kosa lake wala na ufasaha wake.

Jukwaa la Palais-Royal

Robert-Houdin alizaliwa Blois mwaka 1805, akajifunza ufundi wa saa. Jina lake la ukoo lilikuwa Robert. La Houdin aliliongeza kutoka kwa mkewe. Tarehe 3 Julai 1845 alifungua ukumbi mdogo wa watu kama 200 katika Palais-Royal mjini Paris, akayaita maonyesho yake Soirées fantastiques. Aliyaacha majoho marefu, kofia zilizochongoka, na meza zilizofunikwa nguo mpaka chini. Akasimama mbele ya watu amevaa kama walivyovaa wao waendapo karamuni jioni. Joho humwambia mtazamaji mapema ya kuwa ataona ajabu, na hivyo humpa silaha ya kujikinga. Nguo ya kawaida huiacha ajabu imkute hana habari. Tena meza isiyo na kitambaa humnyang'anya mtazamaji jibu jepesi, maana hawezi kusema ya kuwa kuna mtu aliyejificha chini.

Mchezo wake wa mchungwa waonyesha vizuri jinsi alivyotunga. Aliazima leso ya bibi mmojawapo. Akaichukua pamoja na yai, limau na chungwa. Leso ikapotelea ndani ya yai, yai likapotelea ndani ya limau, limau likaingia ndani ya chungwa, na chungwa likasuguliwa mikononi mpaka likawa unga. Unga ukatiwa katika chupa ya kileo, kileo kikawashwa chini ya mti mkavu uliowekwa mezani, na moshi ulipopanda matawi yakachanua maua. Maua yakawa machungwa, nayo yakachumwa na kugawiwa watu. Likabaki moja juu kabisa. Likapasuka, wakatoka vipepeo wawili wa mitambo, wakaikunjua hewani ile leso ya bibi.

Mitambo ya mti huo ilikuwa kazi ya fundi saa, nayo yastahili sifa. Lakini tuuache mtambo na tuufuate uzi wa leso. Mwenye leso amepotelewa na mali yake, na ukumbi wote wajua. Yote yatukiayo baadaye, maua, matunda, vicheko, yamening'inizwa katika swali moja: leso i wapi? Machungwa yanapogawiwa watu hudhani mchezo umekwisha, nao wamekwisha kusahau kuuliza. Wakati huo ndipo leso inaporudi. Hila sita au saba zimefungwa kwa fundo moja, na fundo hilo ni amana. Mtu aliazimwa kitu, akarudishiwa.

Maneno nayo alikuwa akiyachagua kwa hesabu hiyo hiyo. Mwezi Oktoba 1846 huko Boston nchini Marekani etha ilitumiwa hadharani kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ya kisu, na mwaka 1847 watu wa Paris walikuwa wakiizungumza kila mahali. Mwaka huo Robert-Houdin aliwaambia watazamaji wake kwamba amegundua sifa mpya ya dawa hiyo: mtu akiivuta sana mwili huwa mwepesi kama puto. Kisha alimnusisha mwanawe mdogo chupa, akamwinua akalala hewani, kiwiko kimoja tu kikiegemea fimbo. Chupa ilikuwa tupu. Nyuma ya pazia etha ya kweli ilimwagwa juu ya chuma cha moto ili harufu yake ienee ukumbini. Kuinuliwa kwa mtoto kulitegemea chuma kilichofichwa. Kusadikika kwake kulitegemea neno lililokuwa magazetini wiki ile. Baadhi ya watazamaji walimwandikia barua za kumlaumu kwamba anamwua mtoto wake, na barua hizo zatosha kutuonyesha nguvu ya maneno yaliyowekwa mahali pake.

Hata hivyo watu wa Palais-Royal walikuwa wameingia kwa hiari. Walinunua tikiti, wakalisoma tangazo, wakajua wanakwenda kudanganywa kwa raha. Jambo hili twaweza kulieleza kwa desturi yetu wenyewe. Mtu atakaye kutega kitendawili hasemi fumbo lake moja kwa moja. Hutangaza kwanza: kitendawili! Nao walioketi humjibu: tega! Neno hilo moja ni mkataba mzima. Wameruhusu kufumbiwa, na aliyefumba amekubali kwamba mwisho wa mambo, baada ya kupewa mji wake, atafumbua. Hadithi nazo hufunguliwa kwa paukwa na pakawa. Mfanya mazingaombwe ni mtegaji wa vitendawili asiyefumbua kamwe, na kwa sababu hiyo hana budi kurudisha kitu kingine badala ya jibu. Katika mchungwa kitu hicho ni leso.

Kisanduku chepesi na kizito

Sasa twafika kwenye kisanduku. Kilikuwa kidogo, chenye kishikio juu, na chini yake mlikuwa na bamba la chuma. Ndani ya sakafu ya jukwaa ilifichwa sumaku ya umeme. Mkondo ulipokatwa, mtoto alikinyanyua. Mkondo ulipopitishwa, mwanamume mwenye nguvu hakuweza kukitikisa. Sumaku ya namna hiyo ilikuwa imebuniwa na Mwingereza William Sturgeon mwaka 1825, lakini mwaka 1845 watu wengi wa kawaida walikuwa hawajaisikia. Elimu hiyo ilipoenea, Robert-Houdin hakuutupa mchezo. Aliongeza kipande: kisanduku kilifungwa kamba iliyopita katika gurudumu la juu, na aliyeishika kamba akajikuta akivutwa yeye. Aliyekuwa amefikiri juu ya sumaku sakafuni alipotezwa njia, kwa kuwa sasa uzito ulionekana kutokea juu.

Maneno ya Paris yalikuwa juu ya kisanduku chenyewe. Ni chepesi, sasa ni kizito, sasa ni chepesi tena, kwa amri ya mwenyewe. Mtu aliyeitwa kukinyanyua alishindwa mbele ya watu, naam, lakini kilichomshinda kilikuwa kitu cha ajabu. Hakupungukiwa na chochote. Alirudi kitini akicheka, na labda yeye ndiye aliyecheka zaidi, kwa kuwa alikuwa amekigusa.

Algiers, 1856

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa huko Algeria ilimwita Robert-Houdin, ambaye alikuwa amekwisha kupumzika kazi yake. Aliyemwita ni Kanali de Neveu, mkuu wa ofisi ya siasa mjini Algiers, wakati Jemadari Randon alipokuwa gavana mkuu. Wafaransa walikuwa wamelishika jiji hilo tangu 1830, lakini nchi haikutulia, na maofisa waliamini ya kuwa mawalii, waliowaita marabout, waliwaamsha watu kwa kuonyesha karama. Shauri lao lilikuwa kwamba Mfaransa aonyeshe makubwa zaidi. Wakuu wa makabila walialikwa kutoka sehemu mbalimbali, wakaketi na majoho yao katika ukumbi wa Bab Azoun tarehe 28 na 29 Oktoba.

Mfululizo aliouandaa twaujua kutokana na kumbukumbu zake mwenyewe, Confidences d'un prestidigitateur, zilizochapishwa mwaka 1858. Alianza na michezo ya kufurahisha, mizinga ya risasi za chuma ikitoka katika kofia, na sarafu zikihama hewani kuingia katika kisanduku cha kioo. Paris alikuwa na chupa iliyomimina kila kileo alichoombwa. Hapa, akijua kwamba Waislamu hawanywi vileo, aliibadilisha kwa bakuli lililotoa peremende, kisha kahawa ya moto. Mabadiliko hayo yaonyesha adabu, na yaonyesha akili ya mtunzi ajuaye kwamba mchezo hauna budi kusemwa katika lugha ya waliopo. Wakuu walisita, kisha wakainywa kahawa.

Baada ya kahawa alibadilisha sauti. Kisanduku kililetwa, lakini maneno yake hayakuwa juu ya kisanduku tena. Kwa kinywa cha mkalimani alimwambia mtu mwenye mwili imara aliyepanda jukwaani kwamba aweza kumnyang'anya nguvu zake na kumfanya dhaifu kuliko mwanamke. Mtu yule alikinyanyua mara ya kwanza bila taabu. Mara ya pili alivuta, akavuta tena, na kishikio hakikusogea. Ndipo mkondo wa umeme ulipoelekezwa katika kishikio, ukaishika misuli ya mikono yake. Akapiga magoti kwa maumivu, na alipofunguliwa akajifunika joho lake akatoka mbio.

Kilichofuata kilipandisha ngazi hiyo hiyo. Alitangaza ya kuwa risasi haimpati. Mtu mmoja akajitokeza kumpiga bastola, na risasi iliyotiwa alama ikaonekana ndani ya tofaa lililochomwa kwenye ncha ya kisu mkononi mwake. Mwisho kijana wa mji ule alisimamishwa juu ya meza, akafunikwa kwa kitambaa kilichosimama kama pia. Kifuniko kilipopinduliwa kilikuwa kitupu. Robert-Houdin asimulia kwamba watu waliinuka wakakimbilia milangoni, wakamkuta kijana yule yule mlangoni akiwa hajui la kuwajibu.

Linganisha sasa na mchungwa. Katika Paris kilichopotea kilikuwa leso, nacho kilirudishwa jukwaani mbele ya macho ya mwenyewe kabla pazia halijashuka. Katika Algiers vilivyochukuliwa ni nguvu za mwili, imani ya kwamba silaha ni silaha, na mwisho mtu mzima; na mfululizo ulikatika pale pale bila kurudisha. Mtu aliyepigwa na umeme hakuambiwa aliporudi kitini: nguvu zako ulikuwa nazo muda wote. Wakuu hawa tena hawakununua tikiti. Waliitwa na serikali iliyokuwa na majeshi nchini mwao. Hakuna aliyetangaza kitendawili, na hakuna aliyejibu tega.

Ushahidi na uzito wake

Mwanahistoria hana budi kuuliza hapa, nani asimuliaye? Karibu yote tujuayo juu ya hofu ya ukumbi ule yametoka kwa mtu aliyekuwa jukwaani, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kupanga mambo yapande hatua kwa hatua mpaka kilele. Sura za Algeria katika kumbukumbu zake zimepandishwa vivyo hivyo, kicheko, mshangao, kitisho, ushindi. Hatusemi kwamba ametunga uongo. Twasema kwamba msomaji wa kumbukumbu hizo ameketi ukumbini.

Katika kitabu hicho hicho mna mambo mawili yasiyokubaliana na picha ya watu wasioweza kutenga hila na uchawi. La kwanza ni kwamba, baada ya maonyesho, wakalimani na wote waliokuwa na shughuli na Waarabu waliamriwa kuwaeleza ya kuwa yale yalikuwa kazi ya ustadi, wala hayakuwa na nasaba na sihiri. Maelezo hayo yalipokewa bila taabu. Nayo kwa nini yasipokewe? Neno la kuyaeleza lilikuwa limekaa katika lugha yao karne nyingi, na katika nchi hiyo hiyo Ibn Khaldun alikuwa amelipa mahali pake katika elimu miaka 479 kabla ya ukumbi wa Bab Azoun.

La pili ni hati ambayo wakuu walimpa, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kutiwa mihuri yao. Inafunguliwa kwa kumtukuza Mungu afundishaye yasiyojulikana, na aliyewapa wanadamu ufasaha wa kusema na alama za maandishi; kisha yamsifu mgeni kwa sanaa yake. Watu waliodhani wamemwona Iblisi hawaandiki hivyo. Hati hiyo ni tendo la adabu la watu wenye elimu yao, na twaweza kuisoma pia kama jibu: umetuonyesha ufasaha wa mikono, nasi twakuonyesha ufasaha wa kalamu.

Na ile kazi ya siasa, je, ilitimia? Mwaka uliofuata, 1857, Randon aliingia Kabylia na jeshi kubwa, na Lalla Fatma N'Soumer, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa upinzani, alikamatwa mwezi Julai mwaka huo. Kama kisanduku kingaliwatuliza watu, mizinga isingalihitajika. Mwaka 1871 nchi iliinuka tena katika vita vikubwa vya El Mokrani. Mwaka huo huo Robert-Houdin alifariki. Habari kwamba mwanamazingaombwe mmoja aliinyamazisha Algeria imesimuliwa mara nyingi kwa kuwa ni tamu, matukio hayaithibitishi.

Yampasayo mtungaji

Kutokana na mifano hiyo twaweza kuyakusanya mambo yanayoufanya mfululizo kuwa mzuri, tukiwasikiliza pia mabingwa waliofuata.

Kwanza, kila tendo liweze kusimuliwa kwa sentensi moja. Leso ilipotea, ikaletwa na vipepeo. Kisanduku kilikuwa chepesi, kikawa kizito. Dai Vernon, bingwa aliyezaliwa Kanada mwaka 1894, ambaye utaratibu wake wa vikombe ulichapishwa mwaka 1957 na kuigwa na wengi, alishikilia kwamba kumchanganya mtu si kumwonyesha ajabu. Mtazamaji asiyejua kilichotukia hawezi kustaajabu kwamba kimetukia.

Pili, mtungaji asitangaze mapema litakalotokea, wala asirudie hila moja usiku mmoja. Kanuni hizi mbili alizisisitiza Professor Hoffmann, jina la kalamu la mwanasheria Mwingereza Angelo John Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1876. Sababu yake ni ya wazi: aliyeambiwa mwisho hujua pa kutazama, na aliyeona mara moja amekwisha kuambiwa mwisho. Vitufe vyaonekana kuivunja kanuni hii kwa kurudi rudi, lakini kila vikirudi vimebadili njia, na mtazamaji akiifunga njia ya jana hupitwa na ya leo.

Tatu, majibu ya uongo yafungwe moja baada ya jingine kabla ya kilele. Juan Tamariz wa Madrid alilifanya jambo hili kuwa nadharia nzima katika miaka ya 1980, lakini Robert-Houdin alikuwa amelitenda kwa meza yake isiyo na kitambaa na kwa kamba yake ya gurudumu. Mtazamaji ni kama msafiri mwenye akili. Haitoshi kumficha njia ya kweli, bali yafaa aende mwenyewe mpaka mwisho wa kila njia ya upande na kuiona imefungwa.

Nne, matendo yapishane kwa aina na yapande kwa uzito. Kitu kidogo kitangulie kikubwa, kicheko kitangulie kimya, na kila tendo liache kitu ambacho lifuatalo litakitumia. Hapa mtungaji wa mazingaombwe na mtungaji wa utenzi ni ndugu. Beti njema zilizorundikwa si utenzi, na hila njema zilizorundikwa si mchezo.

Tano, na hili ndilo tulilolitafuta katika makala yote, mfululizo uwe na idhini mwanzo na marejesho mwisho. Mtazamaji ajue kwamba amealikwa kuchezewa, na kila kilichoazimwa kwake, leso, saa, nguvu au fahamu, kirudi kwake kabla hajatoka. Sharti hili ni la uadilifu, tena ni la usanii. Mfululizo wa Algiers ulipanda kwa ustadi mkubwa kuliko ule wa mchungwa, lakini haukufungwa. Serikali ililazimika kuwatuma wakalimani mitaani kuufunga kwa maneno ambayo yangepasa kusemwa jukwaani.

Kisanduku hakikuwa na kosa. Bamba la chuma halijui Paris wala Algiers, na sumaku haichagui wa kumdhalilisha. Waliomfanya mtu yule atoke mbio amejifunika joho walikuwa wawili: aliyepanga nini kifuate nini, na aliyetafsiri sentensi ile juu ya nguvu zake. Nasi tunaofundisha lugha, tunaoyashughulikia maneno na mpangilio wake kila siku, tunazo zana zile zile mikononi. Wenye lugha yetu waliotuachia neno kiinimacho walikwisha kuweka sharti lake ndani ya jina: jicho lapotezwa kwa muda, kisha lapewa mwenyewe.